Ubao wa Funguo Sitini na Tatu

12 Januari

Mpwa wangu,

Marahaba, hata kama bado hujaniamkia. Nakuitikia mapema ili usipate kisingizio cha kutoandika. Mimi ni mzima, isipokuwa mguu wa kushoto, unaolalamika asubuhi na kunyamaza mchana. Paka wako analala kwenye kiti chako hapa kibandani na hakubali mteja yeyote akikalie. Binamu yako, huko anakofundisha, amepata mtoto wa tatu. Hakuniandikia, nimesikia kwa muuza magazeti, naye sijui kasikia kwa nani. Ndivyo alivyo mwanangu, mdomo wake mzito kama kitasa chenye kutu.

Jirani yetu fundi viatu anakusalimu. Amenunua redio, na timu ya mji wenu ikicheza na yetu anaifungulia sauti mpaka mwisho. Juzi mlitufunga mawili. Akanitazama mimi, utadhani mpwa wangu ndiye aliyepiga mpira.

Sasa tuje kwenye jambo letu. Naliweka kwa maandishi kwa sababu siku ile kituoni tulikuwa tunafokeana na huenda hukusikia vizuri. Nilisema mwaka mmoja. Kaa huko kwenye Mji wa Mbio mwaka mzima, na Desemba uniambie kwa moyo safi ni wapi watu wanaishi kama watu. Ukisema ni huku, kibanda ni chako, nami nitakaa pembeni na kikombe cha chai nikikosoa kazi yako. Ukisema ni huko, nitamwachia fundi viatu avunje ukuta na kupanua chake, na sitakusumbua tena.

Na usiniambie nije kutembea. Unajua siwezi. Nina funguo sitini na tatu za watu kwenye ubao ukutani, na fundi aliyekabidhiwa funguo halali nje ya mji. Hata nilipokwenda kumzika mama yako nilirudi jioni ile ile, nikiwa nimekushika mkono, wewe una miaka kumi. Niambie kama huko kuna mtu anayemwachia fundi ufunguo wake mmoja, ili siku akipoteza zake asivunje mlango. Nataka kusikia.

Simu sitaki. Sikio langu hili linanifanya niitikie ndiyo kwa mambo ambayo sijayasikia. Ndivyo ulivyopata ruhusa ya kuondoka.

Mjomba wako


20 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Na nyingine ya akiba, kwa barua ijayo. Mimi sijambo, nakula, nalala, na koti ulilonilazimisha kubeba nalivaa kila asubuhi. Mpe binamu hongera zangu kwa njia hiyo hiyo ya muuza magazeti, itafika.

Kazi nimepata katika duka la funguo chini ya jengo la ofisi, kati ya mtu wa fotokopi na mtu wa kung'arisha viatu. Mkuu wa duka anavaa tai. Mashine inachonga ufunguo kwa dakika moja na nusu. Mteja anaingia, anaweka ufunguo mezani, ananionyesha vidole viwili. Nachonga mbili. Anaondoka. Hatujapeana hata neno moja. Wiki ya kwanza nilikuwa nawasalimu kama kwetu, za asubuhi, za nyumbani, mpaka bwana mmoja akashtuka, akaniuliza, "Kwani nyumbani kuna nini?"

Utacheka, najua. Milango ya huku ina vitasa viwili na komeo juu yake. Jirani yangu namjua kwa kikohozi tu, kupitia ukutani. Wiki ya tano sasa na sijaona uso wake.

Lakini nikwambie na la upande wa pili. Juzi nilifungua kitasa cha ofisi ya wakili mbele ya watu sita waliofungiwa nje. Hakuna aliyeuliza kama kuna fundi mwanamume. Walitazama saa zao tu. Nilipomaliza, mmoja akasema, "Safi," akaingia. Mjomba, nilikaa kibandani pako miaka sita baada ya shule, na kila aliyeingia aliuliza, "Fundi yupo?" Mimi nimekaa pale, tupa mkononi, vumbi la shaba limejaa mpaka kwenye nyusi. Fundi yupo? Hicho ndicho kilichonipandisha basi, si jambo jingine. Usikasirike.

Kwa sasa Mji wa Mbio unaongoza moja bila, kama mpira.

Mpwa wako


2 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba kwa zote mbili. Mguu ni ule ule. Paka amezeeka ghafla, au labda ananiigiza.

Hilo la "Fundi yupo" limenichoma. Nilitaka kuandika kwamba sikujua. Nikakata. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu walikuwa wananiuliza mimi na ilikuwa tamu kuulizwa. Nisamehe.

Ila bao lako hilo moja nalirudisha. Wiki iliyopita mwalimu mstaafu, yule wa msumari wa kumi na nne, amepoteza funguo zake kwa mara ya tisa. Akaja polepole na mwavuli wake, akachukua ufunguo wake ubaoni, akafungua nyumba, akanirudishia pamoja na mkate. Tukazungumza mpaka mchana. Huko kwenu angekuwa amevunja mlango, amenunua kitasa kipya na kumtukana mtu. Huku tunaulizana habari kwanza. Kama hilo ni kupoteza wakati, basi na upotee tu, mimi wakati ninao.

Mtaa wa nyuma kuna nyumba iliingiliwa mchana, wenyewe wakiwa kazini. Mlango haukuvunjwa wala kukwaruzwa. Polisi wanaendelea na kazi yao. Si jambo la kukuumiza kichwa.

Andika.

Mjomba wako


25 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Samahani kwa kimya. Barua yako ya Aprili nilichelewa kuipata, kisha nikahama, kisha kazi zikawa nyingi, basi ikawa hivyo. Anwani mpya ipo nyuma ya bahasha. Mimi mzima kabisa, na nimenenepa kidogo.

Dukani nimetoka. Sasa najitegemea, nina meza yangu kwenye lango la jengo moja la ghorofa sita, karibu na mlinzi. Ni pazuri, kuna kivuli, na wateja wanapatikana. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi wowote.

Nina swali moja tu. Ubao ule ulianzaje? Nimekua chini yake, na sikuwahi kuuliza.

Msalimie fundi viatu. Nimeona mlitufunga matatu.

Mpwa wako


9 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Mtu aliyenenepa haandiki kwamba amenenepa.

Nakujibu swali kwanza, kisha nawe utanijibu langu. Nilikuwa fundi mpya, sina hata kibanda, naweka kisanduku chini ya mti wa umeme. Muuguzi mmoja alitoka nje kuanika nguo, upepo ukafunga mlango. Ndani kuna sufuria jikoni na mtoto wa miezi minane sakafuni. Kitasa kilinishinda, nikauvunja mlango kwa mtaimbo. Mtoto alikuwa ametambaa mpaka nyuma ya mlango. Kipande cha mbao kilimpasua shavu. Ule mkwaruzo wa muuza magazeti, ambao wewe ukiwa mdogo ulidhani ni wa paka, mimi ndiye niliyeuweka.

Kesho yake muuguzi alikuja. Nilidhani amekuja kunitukana. Akanipa ufunguo, akasema, "Kaa nao wewe, siku nyingine usivunje." Nilinunua ubao na msumari mmoja. Tangu hapo kila anayechongewa funguo mbili namchongea na wa tatu, na huo unabaki kwangu. Mtaa mzima ukajua, sikuhitaji kumweleza mtu.

Sasa swali langu. Umetoka dukani kwa nini? Nimefungua vitasa miaka arobaini na moja, nautambua mlango uliofungwa kwa ndani.

Mjomba wako


15 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Sijanenepa.

Naandika yote kwa mkupuo mmoja, nikisimama sitamaliza. Tangu wiki ya kwanza dukani, mkono wangu ulikuwa unachonga wa tatu bila kuniuliza. Mteja ananionyesha vidole viwili, mimi nachonga tatu. Ule wa tatu, kwa wale wanaojiandika kwenye risiti, naufunga kikaratasi chenye jina na namba ya mlango, natia kwenye kopo la kahawa chini ya meza. Sikumwambia mtu. Kwetu nani anamwambia mteja? Mtu anajua tu.

Mwezi wa tano aliingia mama mmoja mhasibu, amelowa mvua mpaka viatuni. Funguo zake zimepotea, fundi seremala anaweza kuja kesho tu, mtoto yuko njiani kutoka shule. Alikuwa karibu kulia. Mjomba, nilifurahi! Nilijiona ni wewe. Nikamwambia, "Usihangaike mama, wako ninao hapa," nikatoa kopo, nikamwekea ufunguo mezani.

Aliutazama. Akasoma kile kikaratasi, jina lake na ghorofa yake kwa mwandiko wangu. Akarudi nyuma hatua mbili, akamwita mlinzi.

Nilikaa kituo cha polisi mpaka jioni. Afisa alizipanga funguo zote juu ya daftari lake, zikafika kumi na tisa. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Ulitaka kuanza na nyumba ipi?" Nikamweleza habari za ubao wako. Akamwita mwenzake aje asikie, nao wakacheka mpaka machozi. Kwa kuwa hakuna kilichoibiwa popote, waliniachia. Mkuu wa duka alifungua tai yake, mara ya kwanza namwona hivyo, akasema nitabadilisha vitasa vyote kumi na tisa kwa mikono yangu, kisha niende zangu.

Nikabadilisha. Wiki tatu, mlango baada ya mlango, mlinzi amesimama nyuma yangu. Walionifungulia hawakunisalimu, na safari hii nilikuwa naelewa kwa nini. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mlango wa kumi na tisa ulikuwa wa bibi mmoja aliyestaafu kazi ya kupiga chapa. Nilipomaliza nikamkabidhi funguo zake mpya, tatu, kama zilivyotoka kiwandani. Mbili akatia mfukoni. Wa tatu akauweka kwenye kiganja changu na kukikunja kwa vidole vyake. "Nina miaka sabini na moja," akasema. "Nikianguka bafuni, nani atafungua? Mimi nilidhani ndiyo maana ulikuwa nao." Yeye ndiye aliyemwomba mlinzi aniwekee meza pale langoni. Anakaa ghorofa ya nne, na kila asubuhi anashuka kuangalia kama nipo.

Sasa ninazo funguo nne. Mmoja ni wa mwenye kikohozi, nilimfuata mwenyewe kumuaga kabla sijahama. Ni kijana mpole mno, anaogopa kufa peke yake.

Sikukuambia kwa sababu ulitaka nikwambie wapi watu wanaishi kama watu, na mimi nilikuwa nimeitwa mwizi. Nilijua utasema si nilikwambia.

Umeniandikia mara mbili bila kuutaja ubao una ngapi. Kabla ya hapo ulikuwa unazihesabu hata kwenye salamu. Zipo ngapi, Mjomba?

Mpwa wako


3 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Nimekaa na barua yako wiki sita. Kila siku nilikuwa nachukua kalamu, naiweka, natafuta kazi ya kufanya. Kazi hakuna. Sikusema si nilikwambia, na sitasema. Nimelia, tena mbele ya fundi viatu, akazima redio.

Ubaoni hakuna hata mmoja.

Ni ile nyumba ya mtaa wa nyuma. Mlango haukuvunjwa, kwa hiyo aliyeingia alikuwa na ufunguo, na wote walijua funguo za mtaa huu ziko kwa nani. Wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu. Alikuja na mkate. Akauliza mguu wangu, akauliza paka, akauliza habari zako moja moja. Tukanywa chai. Alipoinuka ndipo akasema, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, "Fundi, ule ufunguo wangu naomba niwe nao, dada yangu anakuja kukaa." Hana dada. Tumejuana miaka thelathini.

Kesho yake wawili, keshokutwa watano. Kila mmoja na salamu zake, kila mmoja na mgeni wake anayekuja. Mitaa yote ilikuwa inapokea wageni mwezi ule. Wa mwisho ulikuwa ule wa muuguzi. Muuza magazeti hakuweza kuja, alimtuma mkewe.

Nilipokuandikia habari za muuguzi na mtoto wake, nilikuwa nimekaa chini ya misumari mitupu. Nilitaka mtu mmoja duniani abaki anajua ubao ule ulikuwa kitu.

Mwizi alikamatwa Septemba. Ni mtoto wa kiume wa nyumba ile ile, alikuwa na ufunguo wake mwenyewe tangu utotoni. Basi wote wakaja tena, wakaniuliza mguu, tukacheka, tukamlaani yule kijana. Hakuna aliyerudisha ufunguo.

Wewe walikuita mwizi mbele ya watu na kukuandika kwenye daftari. Mimi hakuna aliyenitamkia neno baya hata moja. Nimejiuliza kipi kinauma zaidi, na nilitaka kuandika kwamba sijui. Najua.

Desemba inakuja. Jibu utakalotoa, usilitoe kwa kunionea huruma. Kibanda kipo, lakini sioni raha ya kukurithisha misumari.

Mjomba wako


1 Desemba

Mjomba,

Shikamoo, na shikamoo, na shikamoo.

Barua yako nimeisomea kwenye ngazi, nikashindwa kupanda wala kushuka. Bibi wa ghorofa ya nne akanikuta, nikamsomea naye. Amesema mwalimu wako huyo akija huku yeye atampokea vizuri sana, na jinsi alivyolisema sikumtakia mwalimu hiyo safari.

Uliniuliza wapi watu wanaishi kama watu. Mwaka umekwisha na nimeshindwa kukuchagulia. Huku kuna siku natembea kutwa nzima bila mtu kuniita, nikifika chumbani nasema peke yangu nisikie sauti. Nakumbuka tulivyokuwa tunasalimiwa, wewe na mimi, kutoka nyumbani mpaka kibandani, mpaka tunachelewa kufungua. Halafu nakumbuka wale wale walivyokuja na mikate. Sitaki kuwachukia, wamenilea. Lakini kibandani sirudi.

Sirudi kwa sababu ninazo funguo kumi na moja. Ziko kwenye kopo lile lile la kahawa, safari hii kila mwenyewe anajua. Na fundi aliyekabidhiwa funguo halali nje ya mji. Si maneno yangu.

Wewe huna hata mmoja. Haya, niambie tena kwamba huwezi kusafiri.

Ndani ya bahasha kuna ufunguo wa chumba changu. Ghorofa ya tatu ya jengo hili hili, mlango wa mwisho kushoto. Nimeutoa ule wavu wa dirishani uone barabara, najua unapenda kuhesabu watu. Basi linafika mchana nami nitakuwa mezani, kwa hiyo usibishe hodi. Fungua, uingie, ulale, mguu upumzike. Komeo la ndani sitii tena tangu leo.

Njoo, Mjomba. Mimi ndiye ninayehitaji mtu wa kuniuliza habari za nyumbani.

Mpwa wako


14 Desemba

Fundi,

Marahaba, zote tatu.

Ufunguo nimeupata. Hiyo mashine yenu imeacha makali pembeni, ungemkata mtu. Nimeyapitishia tupa.

Kisha mkono wangu nao haukuniuliza. Nikauchonga wa pili, nikautundika kwenye msumari wa kwanza, nikarudi nyuma kuutazama. Ndipo nikaona nilichojifanyia. Nimekabidhiwa ufunguo, siruhusiwi kulala nje ya mji! Nilicheka mpaka fundi viatu akaja kuona kama nimeanguka. Tukasaidiana tukaung'oa ubao ukutani, ufunguo wako ukiwa unaning'inia pale pale. Nimeufunga kwa magazeti na kamba. Yule muuza magazeti ndiye aliyeleta magazeti hayo, akashika kamba nikifunga fundo. Nilipomaliza nikamshika lile shavu. Basi.

Kibanda nimemwachia fundi viatu. Ukuta ameanza kuuvunja jana, na vumbi ni balaa. Paka yuko kwenye kikapu, amekasirika.

Nasafiri Ijumaa. Pima ukuta wa hapo langoni, ubao una mita moja na nusu, na uwe na skrubu nne nene. Chumbani sitaanzia, nitapitia kwanza mezani pako. Nitasimama kama mteja na kuuliza kwa sauti, mlinzi na bibi yako wa ghorofa ya nne wasikie, "Fundi yupo?"

Uniitikie wewe.

Mjomba wako